Ushujaa Usiobeba Upanga: Tuwaiteje Waliowaficha Wayahudi?

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na aghalabu tunaitumia kuwasuta wageni wasiojua kuaga. Hebu msomaji mpenzi aitazame upya. Je, mgeni asiyeweza kupewa jembe kwa kuwa haruhusiwi kuonekana shambani tumfanyeje? Tumfanyeje mgeni anayezuia kikohozi ili jirani asimsikie, mgeni ambaye akipatikana nyumbani kwako utauawa wewe, mkeo na wanao? Tena mgeni huyo hakai siku mbili wala tatu. Hukaa mwaka, pengine miaka miwili, na hakuna ajuaye ataondoka lini.

Swali hili si la kubuni. Katika Vita vya Pili vya Dunia, utawala wa Kinazi wa Ujerumani na washirika wake waliwaua Wayahudi wapatao milioni sita. Katika nchi zilizotekwa, waliotaka kunusurika walilazimika kubisha milango ya watu. Kule Poland, amri ya tarehe 15 Oktoba 1941 ilitangaza kwamba Myahudi aliyetoka bila idhini katika mtaa aliofungiwa angeuawa, na kwamba yeyote aliyempa maficho akijua angepata adhabu iyo hiyo. Kule Uholanzi, mwaka wa 1943 kulikuwa na watu waliolipwa gilda saba na nusu kwa kila Myahudi waliyemkamata. Katika mazingira hayo ya upanga mlangoni na fedha mkononi, zilikuwapo familia za kawaida, za wakulima, makarani, wachungaji na wapiga picha, zilizofungua milango.

Tangu mwaka wa 1963, taasisi ya Yad Vashem ya mjini Jerusalem imekuwa ikiwatambua watu hao kwa lakabu tunayoweza kuitafsiri kuwa "Wenye Haki miongoni mwa Mataifa". Hadi sasa waliotambuliwa ni zaidi ya 28,000. Hoja ninayotaka kuitetea katika makala haya ni kwamba sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuwasoma watu hawa vibaya. Tunawaita mashujaa, tunawapandisha juu ya dari, kisha tunaendelea na shughuli zetu tukijifariji kwamba sisi hatukuumbwa hivyo. Nadhani Kiswahili kina neno linalowafaa zaidi, na neno hilo halitupi nafasi ya kujificha. Nitalitaja baada ya kusimulia.

Nianze na kijiji cha Markowa, kusini mashariki mwa Poland. Aliishi huko mkulima mmoja aliyeitwa Józef Ulma pamoja na mkewe Wiktoria. Józef alipanda miti ya matunda, akafuga nyuki, na alipenda kupiga picha. Nyumba yao ilikuwa ndogo, na watoto walikuwa sita. Kuelekea mwisho wa mwaka wa 1942 walipokea Wayahudi wanane: mzee Saul Goldman na wanawe wanne, wanawake wawili wa ukoo huo wa Goldman, na binti mdogo wa mmoja wao. Wageni hao walilala darini. Waliishi humo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Miongoni mwa picha alizopiga Józef, imo inayowaonyesha wageni wake wakikata kuni. Naam, jembe walipewa! Hawakukaa kama sanamu za kuabudiwa wala kama mzigo wa kuvumiliwa. Walikuwa watu wa nyumbani wenye kazi zao.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 1944, askari wa Kijerumani waliizingira nyumba hiyo. Waliwaua Wayahudi wote wanane. Wakawatoa Józef na Wiktoria, aliyekuwa mja mzito wa kukaribia kujifungua, wakawapiga risasi. Kisha wakawaua watoto wote sita. Yad Vashem iliwatambua wazazi hao mwaka wa 1995, na mnamo tarehe 10 Septemba 2023 Kanisa Katoliki likaitangaza familia nzima kuwa wenye heri. Aliyeaminika kuwa ndiye aliyewachongea alikuwa polisi Mpoland, mtu wa karibu na hapo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba, licha ya damu hiyo kumwagika hadharani, familia nyingine kijijini humo ziliendelea kuwaficha Wayahudi zilizokuwa nao hadi Wajerumani walipoondoka.

Sasa turejee kwenye fasihi yetu. Tukitaja shujaa darasani, picha inayotujia ni ya Fumo Liyongo: mrefu wa kutisha, mwenye nguvu, asiyepenywa na silaha ila moja. Lakini hebu tuusome tena ule utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913. Liyongo akiwa kifungoni, aliyemtoa si nguvu zake. Mamaye alioka mkate wa wishwa akaficha tupa ndani yake. Kijakazi Saada akaupeleka gerezani pamoja na vyakula vizuri. Walinzi wakavila vile vizuri na kuudharau ule wa wishwa, wakauacha umfikie mfungwa. Na sauti ya tupa ikikata minyororo ilifunikwa na ngoma na nyimbo zilizokuwa zikichezwa nje. Kwa ufupi, shujaa wetu mkuu aliokolewa na jiko, na msichana aliyepita mbele ya walinzi mara kwa mara akiwa na chano kichwani, na majirani waliopiga ngoma. Katika uchambuzi wetu, Saada tunamwita "mhusika mdogo". Tunampa sentensi moja katika mtihani, kisha tunarudi kwa Liyongo.

Watu ninaowazungumzia hapa ni akina Saada. Kazi yao ilikuwa kazi ya chano, ndoo na ngazi, na ndiyo maana kalamu nyingi huipita bila kuiona.

Mathalani, tuangalie mji wa Amsterdam. Msomaji huenda amesikia habari za Anne Frank, yule msichana aliyeandika shajara akiwa mafichoni. Ni wangapi kati yetu wanaojua jinsi watu wanane walivyolishwa katika vyumba vya nyuma ya ofisi tangu Julai 1942, walipoanza kuingia, hadi tarehe 4 Agosti 1944, walipokamatwa? Wakati huo chakula kiliuzwa kwa kadi za mgao, na mtu aliyejificha hana kadi. Jan Gies alizipata kadi kupitia watu wa upinzani wa siri. Mkewe Miep, aliyekuwa karani wa ofisi hiyo, alizipeleka madukani, akanunua mboga na nyama kwa namna ambayo haingezua maswali. Bep Voskuijl, karani kijana, alishughulikia mkate na maziwa. Johannes Kleiman na Victor Kugler waliendesha biashara iliyogharimia hayo yote. Kila Jumamosi Miep aliwaletea vitabu vya kuazima maktabani. Hesabu hiyo irudie kila juma kwa miaka miwili, ukijua kwamba kosa moja tu linatosha. Huo ndio ushujaa wao: orodha ya sokoni.

Miep mwenyewe alizaliwa Vienna mwaka wa 1909, na mwaka wa 1920, akiwa mtoto aliyedhoofishwa na njaa ya baada ya vita, alipelekwa Uholanzi kulishwa na familia asiyoijua. Familia hiyo ilimlea akawa mwanao. Kwa hiyo alipopanda ngazi na kikapu cha mboga, alikuwa akilipa deni ambalo hakuna aliyemdai. Baada ya polisi kuwachukua wenyewe, aliyaokota makaratasi ya Anne, akayatia katika mtoto wa meza yake bila kuyasoma, akamkabidhi baba yake Anne mwaka wa 1945, yeye peke yake aliyerudi kati ya wale wanane. Miep alikuja kueleza kwamba angeyasoma angeyachoma, kwa kuwa yalitaja majina ya waliosaidia. Hivyo basi, mojawapo ya vitabu vilivyosomwa sana katika karne iliyopita kilinusurika kwa adabu ya karani aliyekataa kuchungulia maandishi ya mtoto. Hadi alipofariki mwaka wa 2010 akiwa na umri wa miaka mia moja, Miep alikataa kuitwa shujaa. Aliogopa kwamba watu wakidhani ni lazima uwe mtu wa pekee ndipo usaidie, wengi hawatasaidia.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kukataa kwake hakukuwa unyenyekevu wa maneno tu, kulikuwa uhakiki. Alikuwa anatuambia kwamba tunamsoma vibaya.

Tumwiteje basi? Napendekeza neno ambalo kila mmoja wetu analo kinywani: mwenyeji. Neno hili limejengwa kwa "mwenye" na "mji", nalo lina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana. Mwenyeji ni mkaazi wa mahali, na mwenyeji ni yule anayempokea mgeni. Kiswahili hakikuona haja ya kuzitenganisha maana hizo. Ukiwa na mji, tayari una wajibu. Huhitaji kuwa na kifua cha Liyongo. Unahitaji mlango, na mtu anayebisha.

Ushahidi wa maisha unaliunga mkono neno hili. Samuel Oliner alikuwa mvulana wa miaka kumi na miwili mwaka wa 1942, jamaa zake walipouawa karibu na Bobowa nchini Poland. Alibisha mlango wa mwanamke mkulima, Balwina Piecuch, aliyefahamiana na babaye. Mama huyo alimpokea, akampa jina la Kipoland, akamfundisha sala za Kikatoliki, akamtuma kutafuta kazi ya kuchunga ng'ombe. Oliner alikuja kuwa msomi wa elimu-jamii nchini Marekani, na mwaka wa 1988 yeye na mkewe Pearl walichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na waokoaji zaidi ya mia nne. Mojawapo ya mambo waliyobaini ni kwamba wengi hawakuanza kwa kutafuta wa kuokoa. Walianza kwa kuombwa. Kwa lugha yetu, walisikia hodi wakajibu.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Le Chambon-sur-Lignon, kijiji cha milimani nchini Ufaransa. Katika majira ya baridi ya 1940 na 1941, mwanamke Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani alibisha nyumbani kwa mchungaji André Trocmé. Mkewe, Magda, alikuwa jikoni. Alimkaribisha ndani, akampa chakula, akamkaushia viatu vilivyoloa theluji. Hakuna mkutano ulioitishwa wala azimio lililopitishwa. Kutokana na karibu kama hiyo, kijiji hicho na vijiji jirani vilihifadhi maelfu ya wakimbizi, na viliendelea hata baada ya majeshi ya Ujerumani kuingia eneo hilo mnamo Novemba 1942. Daniel Trocmé, binamu wa mchungaji, aliyewalea wanafunzi wakimbizi, alikamatwa pamoja na wanafunzi wake akafia katika kambi ya Majdanek mwaka wa 1944.

Na wapo Waalbania, ambao desturi yao inamkaribia sana msomaji wa pwani yetu. Wana neno "besa", lenye maana ya ahadi isiyovunjwa, nalo hufungamana na heshima ya mgeni: aliyeingia nyumbani kwako ni amana. Wajerumani walipoiteka nchi hiyo Septemba 1943, kijana Mwislamu Refik Veseli, aliyekuwa akijifunza kazi ya kupiga picha kwa Myahudi Moshe Mandil, aliichukua familia ya mwalimu wake hadi kwa wazazi wake, Vesel na Fatima, huko Krujë milimani. Watu wazima walifichwa juu ya zizi, na watoto wakachanganyika na watoto wa kijiji. Wote walinusurika. Mwaka wa 1987 jamaa hao walikuwa wa kwanza kutoka Albania kutambuliwa na Yad Vashem. Vita vilipokwisha, Albania ilikuwa na Wayahudi wengi kuliko ilivyokuwa navyo vilipoanza. Ahadi ni deni, nasi husema hivyo kila siku. Wao waliulipa msemo huo kwa kuhatarisha shingo zao.

Sasa nizijibu pingamizi, maana najua wahadhiri wetu hawatanihurumia.

Pingamizi la kwanza ni kwamba watu hao walikuwa wachache mno, na kuwasimulia sana ni kuupaka ukatili chokaa. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Elfu ishirini na nane ni tone katika bahari ya mamilioni waliotazama, walionyamaza au walioshiriki. Serikali na mataifa hupenda kujifunika kwa shuka la wachache wema. Lakini simulizi zikisimuliwa kikamilifu, haziupaki uovu chokaa, huuanika. Antonina Wyrzykowska na mumewe Aleksander waliwaficha Wayahudi saba wa eneo la Jedwabne tangu mwishoni mwa 1942 hadi Januari 1945, na wote saba wakaokoka. Vita vilipopita, wananchi wenzake walimvamia wakampiga kwa sababu ya wema huo, na familia ikalazimika kuhama. Tazama: aliyemlinda jirani alikimbia majirani. Simulizi kama hiyo haimpi mtu nafasi ya kujivika sifa ya taifa lake. Inatukumbusha kwamba aliyefungua mlango na aliyekwenda kuchongea walitoka katika kijiji kimoja, wakala mkate mmoja, wakasali katika kanisa moja. Ukawaida haukuwa wa wema peke yao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sina jibu jepesi. Je, Józef na Wiktoria walikuwa na haki ya kuhatarisha maisha ya watoto sita ambao hawakuulizwa? Ninaposoma habari zao, huwa nasimama hapo. Anayesema kwamba jambo hili ni rahisi hajawahi kumlaza mtoto. Ninachoweza kusema ni kwamba binti mdogo aliyekuwa darini naye alikuwa mtoto wa mtu. Kumfukuza hakungemaanisha kuchagua uhai badala ya kifo. Kungemaanisha kuchagua mtoto yupi afe. Sheria ya Wanazi ilitungwa makusudi ili mapenzi ya mzazi yawe silaha dhidi ya jirani. Lawama ya mauti ya watoto hao iwekwe kwa waliowapiga risasi, si kwa waliopika chakula cha watu kumi na sita.

Nisemapo hivyo sisemi kama mtu aliye salama. Mapema mwaka wa 2008, nikiwa na umri wa miaka kumi, tuliishi katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Ghasia za baada ya uchaguzi, zilizowaua zaidi ya watu 1,100 nchini, zilikuwa zimefika mtaani mwetu. Usiku mmoja mtu alipiga hodi. Tuliitambua sauti: ilikuwa ya mama aliyetuuzia maziwa kila asubuhi. Baba aliweka kidole midomoni. Mama alimshika mdogo wangu kinywa. Yule mama alipiga hodi mara tatu, kama adabu inavyotaka, kisha tukasikia nyayo zikiondoka. Baadaye tulijua kwamba nyumba ya tatu kutoka yetu, iliyokuwa duni kuliko yetu, ilimfungulia, akakaa siku nne nyuma ya magunia ya mahindi. Baba yangu si mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanne na mlango wa mbao. Simhukumu, na siku nne si miaka miwili, wala sifananishi mambo yasiyofanana. Nasema tu kwamba tangu nilipoanza kusoma habari za Markowa na Le Chambon, zile hodi tatu zimenirudia. Wale tuliowaita mashujaa wa mbali walikuwa wa nyumba ya tatu.

Nihitimishe kwa kutaja wajibu wetu. Kwanza, katika uhakiki, tuache kumpima mhusika kwa urefu wa kivuli chake. Tumchambue Saada kwa makini yale yale tunayompa Liyongo: alikwenda mara ngapi, alipita mbele ya nani, angeuawa vipi? Pili, katika utunzi, tuandike kuhusu chakula kilivyopatikana na ndoo ilivyotolewa usiku, kwa kuwa humo ndimo wema ulimofanyika. Tatu, tukusanye simulizi za wenyeji wetu wangali hai. Wengi wao hawajawahi kuulizwa, na kama Miep, watatuambia kwamba hawakufanya lolote kubwa. Tusiwaamini upesi, lakini pia tusiwapandishe juu ya dari.

Wahenga walisema tena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kule Markowa mwenyeji hakupona, na methali isitumike kulifunika kaburi lake. Hata hivyo, huko Krujë na Le Chambon, na katika nyumba ile ya tatu, wapo waliopona pamoja na wageni wao. Kalamu naiweka chini nikiwaachia wenzangu swali ambalo mimi bado sijalijibu: zikipigwa tena hodi tatu, nani nyumbani mwako atakayeondoa kidole midomoni?